UZI: Kiboko, kamati na mwalimu mmoja. Historia fupi ya ushauri nasaha shuleni

1/ Kila bweni likiungua hapa Kenya mjadala huwa ni uleule. Mmoja atasema turudishe kiboko. Wa pili atasema watoto watafutiwe washauri. Wa tatu atasema pesa hakuna. Wiki tatu baadaye, kimya. Mimi nasomea siasa, na leo nataka tuulize haya mambo yalianza wapi, hasa kwetu huku Likoni, Kisauni na Changamwe. Sitaji chama wala mheshimiwa. Haya, tuanze.

2/ Kwanza lile neno la barazani: "Sonona ni ugonjwa wa Wazungu, sisi tumezoea shida." Neno hilo lina wenyewe. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, ilianza 1910. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari wa kikoloni, J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake. Humo alidai sonona ni adimu kwa Waafrika kwa sababu, eti, hatuna hisia ya kuwajibika kama Mzungu.

3/ Yaani mzee wangu akisema "sisi hatuna hayo" anadhani anasifu ushupavu wetu. Kumbe anamaliza sentensi iliyoanzwa na mkoloni kwa nia ya kutudharau.

4/ Sheria nayo ilikuwa na lake. Kanuni ya Adhabu ya 1930, kifungu cha 226, ilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Tukapata uhuru, kifungu kikabaki. Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba tarehe 9 Januari 2025. Juzi tu! Sasa jiweke kwa mwalimu mkuu miaka yote hiyo: ukisema ukweli kuhusu mwanafunzi wako, unamfungulia njia ya polisi. Ukinyamaza, hapati msaada.

5/ Ushauri nasaha wenyewe si jambo geni. Wizara ya Elimu ilikuwa na kitengo chake tangu 1971, na kamati ya Gachathi ya 1976 ikausisitiza tena. Lakini wakati ule kazi kubwa ilikuwa kumwelekeza mwanafunzi achague masomo na kazi. Moyo wake ukoje, hilo lilibaki la nyumbani.

6/ Na nyumbani kwetu kulikuwaje? Tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipinduka Mtongwe asubuhi, watu wakielekea kisiwani. Wakafa 272. Agosti 13, 1997, kituo cha polisi cha Likoni kikavamiwa, bunduki zikaibwa, nyumba zikachomwa. Watu kama 100 waliuawa katika fujo hizo na maelfu wakahama. Machi 23, 2014, waumini wakapigwa risasi kanisani, Likoni hiyohiyo.

7/ Baada ya fujo za 1997 na nyingine za miaka hiyo, iliundwa tume ya Akiwumi. Ilichunguza chanzo, nani alipanga, polisi walifanya nini. Maswali ya maana kabisa. Ila mtoto wa darasa la tatu aliyeona jirani akikatwa hakuwa kwenye orodha ya kazi ya tume yoyote. Huyo alirudi darasani. Akikosa hesabu, aliambiwa haskizi.

8/ Sasa njoo kwenye moto. Machi 1998, wasichana 26 wakafa shule ya Bombolulu (si Bombolulu yetu ya Kisauni, ni ile ya Kwale, upande wa Mazeras). Machi 2001, wavulana 67 wakafa Kyanguli, Machakos. Likaundwa jopo la nidhamu shuleni lililoongozwa na Naomi Wangai. Moja ya mapendekezo yake: imarisheni ushauri nasaha. Miaka 30 tangu kitengo kianzishwe, ripoti inaomba kilekile.

9/ Mwaka huohuo 2001 serikali ikapiga marufuku kiboko. Hapa ndipo pa kuelewa vizuri. Fimbo iliondolewa na mshauri akatakiwa ashike nafasi yake. Lakini tangu 1998 serikali ilikuwa imesimamisha kuajiri walimu wapya, inajaza tu nafasi za waliotoka. Halafu Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bure na wanafunzi wakaruka kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Jambo jema sana, mimi ni mmoja wa tuliofaidi. Ila yule mshauri angetoka wapi?

10/ Alitoka palepale. Mwalimu aliongezewa cheo, hakuongezewa saa wala mshahara. Shule yangu ya msingi, darasa tulikuwa zaidi ya 70. Mwalimu wa gaidansi alikuwa huyohuyo wa Kiswahili, tena msimamizi wa michezo. Ofisi yake ya ushauri ilikuwa stoo ya vitabu, na mlango haufungi. Nani ataingia pale aseme siri ya kwao, na foleni ya uji inapita dirishani? Simlaumu madamu yule. Alikuwa anatupenda na alikuwa amechoka.

11/ Katiba ya 2010 ikaja na tumaini na fundo jipya. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya bora. Lakini tazama Jedwali la Nne: shule za msingi na sekondari ni za serikali ya kitaifa, hospitali nyingi ni za kaunti. Mwalimu ameajiriwa na TSC. Mwanasaikolojia wa hospitali analipwa na kaunti. Mtoto mwenye shida amesimama langoni mwa shule, katikati. Kwenye mdahalo, huyu atasema "hilo ni la kaunti", yule atasema "elimu haijagatuliwa". Na wote wawili wana karatasi ya kuonyesha.

12/ Kwa vitendo ni hivi. Wodi ya akili ya umma inayojulikana Mombasa iko Port Reitz, Changamwe. Mama wa Shika Adabu mwenye mtoto asiyelala usiku avuke feri, apande matatu, apange foleni, siku ya kibarua imepotea. Juu ya hapo aibu: tulipokuwa wadogo, kutajiwa Port Reitz ilikuwa tusi. Basi wengi huishia kwa maombi, kwa kombe, au kwa kunyamaza. Dua si mbaya. Shida ni mtoto kukosa la pili.

13/ Takwimu tunazo. Utafiti wa kitaifa wa vijana wa miaka 10 hadi 17, uliotolewa 2022, ulikuta asilimia 44.3 walikuwa na tatizo fulani la afya ya akili katika mwaka uliotangulia, na asilimia 12.2 walifikia kiwango cha kuitwa ugonjwa. Kati ya wenye matatizo, waliopata huduma ni kama mmoja kwa kumi. Jopo la Dkt. Frank Njenga lilikuwa limeshapendekeza 2020 hali hii itangazwe dharura ya kitaifa. Sheria ya afya ya akili ikarekebishwa 2022, na kaunti zikapewa majukumu. Karatasi hazijatupungukia.

14/ Tuwasikize wa kiboko pia, manake wana hoja. Mzazi wa Kisauni anayeona vijana wa mapanga mtaani haogopi hewa. Anataka mtu amzuie mwanawe mapema. Lakini Mtakatifu Kizito 1991, walipokufa wasichana 19, kiboko kilikuwa halali. Kyanguli ilipochomwa, kiboko kilikuwa halali, marufuku ilikuja siku chache baadaye. Fimbo ilikuwepo mkononi, na haikumwambia mwalimu yeyote kinachopikwa bwenini.

15/ Na wa "pesa hakuna"? Ni kweli daktari wa akili kwa kila shule ni ndoto. Ila si lazima daktari. Shamiri, shirika la hapa Kenya, limewafunza vijana waliomaliza sekondari waendeshe vikao vya makundi shuleni, mara moja kwa wiki, wiki nne. Jaribio lao la wanafunzi 413, lililochapishwa 2021, lilionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua zaidi ya kwa kundi la kulinganishwa. Wenye shida nzito bado wanahitaji mtaalamu. Lakini vijana waliomaliza kidato cha nne, wamekaa kijiweni Mtongwe na Mlaleo wanangoja kazi? Hao tunao.

16/ Kwa hivyo kampeni zikifika mtaani kwenu, usikubali "tutashughulikia afya ya akili ya watoto wetu" halafu muziki upigwe. Uliza matatu. Mshauri ataajiriwa na nani, TSC au kaunti? Pesa zitatoka fungu gani, na limeandikwa wapi? Na mtoto akishasema, atapelekwa wapi bila mzazi kuvuka feri? Akijibu mawili kati ya matatu, huyo ameanza kufikiri.

17/ Walimu mliomo humu, semeni kwenu hali ikoje: chumba kipo? saa zimetengwa? Msitaje shule wala mtoto. Na kama kuna mtoto unayemhofia leo, 116 ni laini ya watoto, haina malipo, usiku na mchana. Piga sasa, siasa tutaendelea nayo kesho.