Kirekebishi cha Mwanga

Katika fani ya kupiga picha, ala zifungwazo mbele ya flashi ili kuigeuza tabia ya nuru yake, kama mwavuli, softiboksi na karatasi za rangi, aghalabu huitwa kwa jumla modifaya. Nasi twaona yafaa ziitwe virekebishi vya mwanga, kwa kuwa huirekebisha nuru katika upana, mwelekeo na rangi. Wako wapendeleao "kitawanya mwanga", lakini istilahi hiyo ni finyu, tena humpoteza mpiga picha wa nje. Ile kofia ndogo ya plastiki ivikwayo flashi hutawanya nuru pande zote, na chumbani nuru hiyo hugonga dari na kuta nyeupe ikarejea usoni kwa upole. Ilhali uwanjani, pasipo dari wala ukuta, nyingi hupotea hewani, na ile ifikayo usoni hubaki kali.

Maana ulaini wa nuru hutegemea upana wa chanzo chake kama kionekanavyo kutoka penye uso. Jua lenyewe, ambalo kipenyo chake hukaribia kilomita 1,400,000, kwa kuwa umbali wake nasi ni kama kilomita milioni 150, huonekana dogo, na vivuli vyake huwa na kingo kali.

Mtazame bwana harusi wa pwani, saa sita mchana, katika kanzu nyeupe na kofia ya viua: kanzu inametameta, na macho yamezama katika kivuli cha nyusi. Mgeuze alipe jua mgongo. Weka kasi ya kamera isizidi 1/200 ya sekunde, ipate kuafikiana na flashi. Funga tundu la lenzi hata mikunjo ya kanzu ionekane. Kisha simamisha softiboksi ya sentimita 90 ubavuni pake, juu kidogo ya macho, umbali wa mita 1. Ukiisogeza hadi mita 2, nuru ifikayo usoni hubaki kama robo, na ulaini nao hupungua. Mguu wa stendi utiwe mfuko wa mchanga, kwani upepo wa kusi hauna huruma na kitambaa kilichotandazwa.

Jua likielekea magharibi na kuwa la dhahabu, nuru ya flashi huonekana nyeupe mno. Hapo hubandikwa karatasi ya rangi ya chungwa, rangi mbili zikapatana. Karatasi hiyo haitawanyi chochote, nayo ni kirekebishi kamili.