Harufu Njema na Sabuni ya Nguo

Wasikilizaji wetu, nguo iliyofuliwa Nkunga, katika wilaya ya Rungwe, ina adui mkubwa kuliko vumbi, naye ni mvua. Mvua ikishika siku tatu, nguo hukauka nusu, na nusu iliyobaki hunuka uvundo. Ndipo mama wa nyumbani atafutapo kitu chenye harufu njema cha kutia katika sabuni. Lakini si kila harufu ipatanayo na sabuni, na habari ya jambo hili yaanzia mbali, pwani.

Watu wa pwani tangu zamani wana njia yao. Nguo hufuliwa, huanikwa ikakauka kabisa, ndipo hufukizwa udi juu ya chetezo. Desturi hii ingaliko Unguja, Lamu na hata Maskati. Tazameni busara yake: moshi wa udi haukutani na maji wala magadi, basi hauna wa kugombana naye.

Karafuu ni habari nyingine. Asili yake ni visiwa vya Maluku, nayo ililetwa Unguja mwanzo wa karne ya 19. Seyyid Said bin Sultan alihimiza sana kilimo chake, na mashamba yale yalilimwa kwa jasho la watumwa. Haifai kulisahau hilo tunapousifu uturi wake. Mwaka 1872 tufani iling'oa mikarafuu mingi sana ya Unguja, na Pemba, iliyosalimika zaidi, ikatangulia mbele. Karafuu zenyewe huuzwa kavu, na makonyo yake hupikwa kwa mvuke hata yakatoa mafuta makali.

Mafuta hayo yalisafiri. Mwaka 1874, huko Ujerumani, Tiemann na Haarmann walitengeneza harufu ya vanila kwa kitu kilichotoka katika utomvu wa msonobari. Baadaye wataalamu wakaipata pia katika mafuta ya karafuu. Hivyo karafuu na vanila, ambazo pua huziona kuwa mbali, ni jamaa wa karibu, tena wana aibu moja: katika sabuni hugeuka rangi. Magadi na hewa huyafanya mafuta yake kuwa kahawia.

Mimi nililijua hilo kwa hasara. Nilitia mafuta ya karafuu katika sabuni nyeupe niliyoipika mwenyewe, nikaisifu kwa majirani. Baada ya majuma machache miche yote ilikuwa na rangi ya chai, wala hapana aliyetaka kuifulia shuka za harusi.

Basi karafuu itiwe katika sabuni iliyo kahawia tangu mwanzo, tena kidogo, maana huwasha ngozi. Nguo za mtoto mchanga zisitiwe kabisa. Mafuta ya maganda ya limau ni mepesi, huruka kwanza jua linapopiga kamba. Sitronela, jamaa ya mchaichai, huyavumilia magadi vema. Msandali ni mzito, hukaa katika nguo hata baada ya kusuuzwa, ila bei yake si ya kila mtu. Ukichanganya mepesi na mazito, limau husikika wakati wa kufua, na msandali wakati wa kuvaa.

Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo huharibu harufu nyingi. Itumieni peke yake, suuzeni mara mbili, kisha ndipo mlete sabuni yenye manukato.