Brusela

Brusela, ambao wafugaji wengi huuita ugonjwa wa kutupa mimba, ni ugonjwa wa bakteria unaoshika ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Binadamu huupata kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kushika zalio na ndama aliyetupwa. Ng'ombe hushikwa zaidi na Brucella abortus. Mbuzi na kondoo hushikwa na Brucella melitensis, iliyo kali kuliko zote kwa watu.

Historia

Jina la zamani, homa ya Malta, latokana na kisiwa ambako askari wa Uingereza walilazwa kwa homa isiyokoma. Mwaka 1887 daktari wa jeshi David Bruce alikipata kiini chake katika wengu za marehemu, lakini chanzo kikabaki fumbo kwa miaka 18. Mbuzi wa Malta walipitishwa mtaa kwa mtaa na kukamuliwa mlangoni pa mnunuzi. Walionekana wazima, hakuna aliyewashuku. Mwaka 1905 daktari Mmalta Themistocles Zammit aliwapima damu na kuwakuta na maambukizi. Mwaka huohuo meli Joshua Nicholson ilisafirisha mbuzi wa Malta kwenda Marekani, na mabaharia waliokunywa maziwa yao wakaugua. Maziwa ya mbuzi yalipoondolewa kwenye mgao wa askari mwaka 1906, homa ilishuka upesi kambini.

Huko Denmark, Bernhard Bang alikuwa amekwisha kutambua bakteria wa ng'ombe mwaka 1897. Mtafiti hodari wa Marekani, Alice Evans, alionyesha mwaka 1918 kwamba kiini hicho na kile cha homa ya Malta ni ndugu, akahimiza maziwa yapashwe moto kabla ya kuuzwa. Alipuuzwa kwa miaka. Mwaka 1922 aliambukizwa maabarani, na homa ikamrudia kwa muda mrefu.

Kwa ng'ombe

Mimba hutoka kuanzia mwezi wa tano, zalio hukwama, maziwa hupungua. Dume huvimba korodani. Ng'ombe aliyetupa mara moja mara nyingi huzaa salama baadaye, huku akiendelea kutoa vimelea katika maziwa. Mfugaji humwona amepona.

Kwa binadamu

Homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na viungo. Dalili hizo hufanana mno na za malaria. Kati ya wagonjwa 870 wa homa waliolazwa Moshi, Tanzania, mwaka 2007 na 2008, 528 walidhaniwa kuwa na malaria. Vipimo vilithibitisha 14 tu. Brusela ilikutwa kwa 16 kati ya 455 waliopimwa ugonjwa huo. Tiba ya kawaida ni doksisaiklini pamoja na rifampisini kwa wiki 6.

Udhibiti

Kundini hakuna tiba ya kutegemewa. Mitamba huchanjwa kwa S19 wakiwa na miezi 3 hadi 6, wanyama wageni hupimwa damu kabla ya kuingizwa zizini, wenye maambukizi huchinjwa, na zalio huchomwa au kufukiwa na mtu aliyevaa glovu. Australia ilianza kampeni ya kitaifa mwaka 1970 na kutangazwa huru kutokana na brusela ya ng'ombe mwaka 1989. Maziwa huwa salama yakichemshwa, au yakipashwa nyuzi 72 kwa sekunde 15.

Hali ya sasa

Kenya na Tanzania zimeiweka brusela katika orodha zao za magonjwa ya kipaumbele yanayotoka kwa wanyama.