Adui aliyependwa kuliko steringi: mwanaume aliyeitikisa Hollywood mwaka 1915

Sheria ya muvi kila mtu anaijua. Steringi hafi, adui lazima apigwe mwisho. Steringi ndiye mzuri wa sura, adui ana kovu shavuni au kicheko cha kuogopesha watoto. Sasa mwaka 1915 kule Marekani ikatoka picha moja iliyovuruga hesabu zote. Adui alikuwa mzuri kuliko steringi, na siyo mzuri kidogo. Alikuwa mzuri wa kukufanya usahau kwamba umeingia ukumbini kumchukia.

Jina lake lisubiri kwanza. Wazee wa kukisia, dondoo hizi hapa:

Hakuwa Mzungu. Alizaliwa Japani, mkoa wa Chiba, miaka ya 1880. Mwaka 1914 alimuoa mwigizaji mwenzake, naye Mjapani. Alikuwa na jumba Hollywood lililojengwa kama ngome ya wafalme, na kampuni yake mwenyewe ya filamu, wakati ambapo sheria ya California ilimkataza Mjapani mhamiaji kumiliki hata shamba la mboga. Na zaidi ya miaka 40 baada ya picha hiyo, akiwa mzee, akateuliwa kuwania Oscar.

Bado? Haya, twende taratibu.

PICHA YENYEWE

Inaitwa The Cheat. Ilitoka Desemba 1915, mwongozaji ni Cecil B. DeMille, yule yule aliyekuja kutengeneza The Ten Commandments. Ni filamu bubu, maneno unayasoma kwenye kioo.

Kuna mke wa mtu anaitwa Edith, aliyeigizwa na Fannie Ward. Edith anapenda maisha ya juu kuliko mfuko wa mumewe. Tena amekabidhiwa utunzaji wa fedha za Msalaba Mwekundu, dola 10,000 za kuwasaidia wakimbizi wa Ubelgiji, maana vita kuu ya kwanza ilikuwa imeshaanza Ulaya. Anadokezwa kuna hisa zinalipa haraka. Anachukua zile pesa za watu, anazitupia huko. Zinayeyuka zote.

Hapo ndipo anaingia jamaa yetu. Kwenye picha anaitwa Hishuru Tori, mfanyabiashara tajiri wa Kijapani. Suti imemkaa, gari kali, anakaribishwa kwenye sherehe zote za matajiri. Anamwandikia Edith cheki ya dola 10,000 pale pale. Sharti ni moja, na si la kuandikwa kwenye risiti. Mke wa mtu anakubali.

Bahati ikageuka. Mumewe Edith akapata faida kubwa kwenye biashara zake, hivyo Edith akabeba pesa kamili kwenda kulipa deni. Tori akakataa. Yeye hakukopesha ili alipwe hela. Wakavutana. Sasa mapema kwenye picha tulishaoneshwa kwamba Tori ana muhuri wa chuma, anauchoma motoni na kugonga alama kwenye kila kitu anachokimiliki. Usiku huo akaukamata ule muhuri wa moto akamchoma nao Edith begani. Kama ng'ombe.

Edith akaokota bastola, akampiga risasi. Tori akaangukia kwenye ukuta wa karatasi wa nyumba ya Kijapani, damu ikaonekana ikipenya upande wa pili. Hakufa. Mume akafika, akajitwisha kosa la mkewe, akapelekwa mahakamani na akatiwa hatiani. Ndipo Edith akashindwa kuvumilia. Akasimama mbele ya umati, akashusha gauni begani, alama ikaonekana. Mahakama nzima ikalipuka. Watu wakaruka viti kumfuata Tori wamuue kwa mikono yao, na hukumu ya mume ikafutwa.

KWA NINI ALIPENDWA SASA?

Mtu anayefanya unyama kama ule alitakiwa kuchukiwa mpaka mwisho wa dunia. Badala yake yule mwigizaji alitoka pale akiwa staa mkubwa, na mashabiki wake wakubwa walikuwa wanawake wa Kizungu. Ufaransa ndiyo walichanganyikiwa kabisa. Picha ilipofika Paris mwaka 1916, waandishi wakubwa kama Colette waliisifia, na mwaka 1921 hadithi yake ikageuzwa kuwa opera.

Siri ya kwanza ni utulivu. Waigizaji wengi wa filamu bubu walikuwa wanapiga makelele kwa mikono. Akishtuka anaruka, akilia anajishika kifua, akipenda anapiga magoti. Huyu jamaa alifanya kinyume. Alisimama tu. Uso haucheki wala haukunji, macho ndiyo yanatembea. Ukimwangalia unaanza kujiuliza anawaza nini, na ukishaanza kujiuliza basi umekwisha, huwezi kuangalia kwingine. Fannie Ward anahangaika pembeni yake, wewe unamtazama yule ambaye hafanyi kitu.

Siri ya pili ni taa. DeMille na mpiga picha wake Alvin Wyckoff hawakumwaga mwanga kila mahali kama ilivyozoeleka. Waliimulika nusu ya uso, nusu nyingine wakaiacha kwenye giza. Leo mbinu hiyo iko kwenye kila video ya mapenzi, ila mwaka ule ilikuwa kitu kipya. Ile nusu ya giza kila mtazamaji aliijaza na mawazo yake mwenyewe.

Siri ya tatu ndiyo nzito. Alikuwa ni tunda lililokatazwa. California ya wakati ule haikuruhusu ndoa ya Mzungu na Mjapani, na marufuku hiyo iliondolewa na mahakama mwaka 1948. Kwa hiyo kile ambacho sheria ilikikataza, ukumbi wa sinema ulikionesha kwa tiketi. Mwanamke alikaa gizani saa nzima akimtazama mwanaume ambaye nje ya ule mlango hakutakiwa hata kumfikiria. Na picha ilimpa kisingizio kizuri: mwisho jamaa anapigwa, maadili yanashinda, kila mtu anarudi nyumbani akiwa msafi.

Mwaka huo huo wa 1915 ilikuwa imeshatoka The Birth of a Nation, ambayo adui wake ni mtu mweusi, tena ameigizwa na Mzungu aliyepakwa rangi. Yule alifanywa atishe na achukiwe, basi. The Cheat ilikuwa na ujumbe unaofanana, kwamba mgeni hata akivaa suti nzuri, ndani ni mnyama. Lakini safari hii uso walioupachika kwenye ujumbe huo ulikuwa mzuri mno. Ujumbe ulisema mchukie, uso ukasema njoo.

JINA SASA

Anaitwa Sessue Hayakawa. Mke wake ni Tsuru Aoki, ambaye alishaanza kujulikana kwenye filamu mapema.

Wakati Hollywood inamshangilia, watu wake mwenyewe walikuwa wanalia. Wajapani walioishi Los Angeles walijua kitakachofuata: Mzungu akitoka ukumbini, atakutana na Mjapani gani barabarani? Siyo Tori wa kwenye kioo. Atakutana na muuza mboga au dobi, na atamwangalia kwa jicho lile lile la watu wa mahakamani. Gazeti la Wajapani la Los Angeles, Rafu Shimpo, liliishambulia picha hiyo na mwigizaji wake. Japani nako wapo waliomwita msaliti aliyeuza heshima ya taifa kwa dola.

Na hofu yao haikuwa ya bure. Sheria ya ardhi ya California ilipita mwaka 1913. Mwaka 1922 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba Mjapani mhamiaji hawezi kupewa uraia, na mwaka 1924 ikaja sheria ya kuwafungia mlango kabisa. Si kwamba filamu moja ndiyo iliyoleta yote hayo, la hasha. Lakini moto ulikuwa unawaka, na The Cheat ilikuwa kuni.

Malalamiko yakazaa kituko. Picha ilipotolewa tena mwaka 1918, Japani ilikuwa upande mmoja na Marekani vitani, ikaonekana si vizuri kumtukana mshirika. Unadhani walikata ile sehemu ya kumchoma mwanamke? Wapi! Walibadilisha maandishi tu. Tori akageuka kuwa Haka Arakau, mfalme wa pembe za ndovu kutoka Burma. Sura ile ile, nyumba ile ile ya Kijapani, uraia mpya. Watu wa Burma hawakuwa na gazeti Los Angeles la kuwatetea.

ALIPOTAKA KUWA STERINGI

Hayakawa mwenyewe hakutaka kubaki adui. Alitaka kuwa steringi anayempata mpenzi wake mwishoni. Studio wakampa nafasi za watu wema, ila kwa mkataba usioandikwa: akipendana na mwanamke wa Kizungu, lazima amuachie Mzungu, au ajitoe mhanga. Anapendwa lakini hapewi.

Mwaka 1918 akafungua kampuni yake, Haworth Pictures. Mwaka 1919 akatoa The Dragon Painter, hadithi ya mchoraji wa Kijapani anayemtafuta mpenzi wake, na mpenzi mwenyewe aliigizwa na Tsuru Aoki, mkewe wa nyumbani. Hakuna muhuri wa moto, hakuna bastola. Ni mwanaume mzuri anayeruhusiwa kupenda mpaka mwisho. Mwaka 2014 filamu hiyo iliingizwa kwenye orodha ya taifa ya Marekani ya filamu za kuhifadhiwa. The Cheat ilishaingia huko mwaka 1993.

Lakini upepo ulikuwa unageuka. Mwaka 1921 kampuni ile ile iliyomtoa Hayakawa ikatoa The Sheik, ikiwa na kijana wa Kiitaliano, Rudolph Valentino. Na huyu ni mwanaume wa kigeni mwenye macho ya hatari anayemteka mwanamke wa Kizungu. Wanawake wakapagawa tena. Ila tazama mwisho wake: inagundulika kwamba shehe huyo si Mwarabu hata kidogo, baba yake Mwingereza na mama yake Mhispania. Basi anaruhusiwa kumuoa! Hatari ile ile aliyopigiwa Hayakawa, Valentino alizawadiwa harusi. Tofauti ilikuwa ukoo.

Mwaka 1922 Hayakawa akafungasha. Akafanya kazi Ufaransa, ambako mwaka 1937 aliigiza upya hadithi ya The Cheat kwa Kifaransa. Hollywood nayo ilirudia picha hiyo mwaka 1923 na 1931, na mara zote mbili adui hakuwa tena Mjapani. Wakati Wajerumani wanaiteka Paris mwaka 1940, Hayakawa alikuwa huko, mbali na familia yake, akauza michoro yake ili aishi. Baada ya vita akaitwa na Humphrey Bogart kwenye Tokyo Joe ya mwaka 1949.

Kisha ikaja The Bridge on the River Kwai, mwaka 1957. Hayakawa ni Kanali Saito, mkuu wa kambi ya mateka. Adui tena! Uso umeshakunjamana, mwili umeongezeka, lakini ule utulivu uko pale pale. Kuna sehemu Saito anashindwa ubishi na mateka wake, anajifungia peke yake, analia. Kwa dakika hiyo moja adui anakuwa binadamu. Filamu ilizoa Oscar 7 ikiwemo filamu bora, naye akateuliwa kama mwigizaji msaidizi. Tuzo ikaenda kwa Red Buttons.

Alirudi Japani, akawa padri wa Zen, akafariki Tokyo mwaka 1973.

Ukihesabu vizuri, Hollywood ilimpa mlango mmoja wa kuingilia, na ukaandikwa ADUI juu yake. Aliingia hivyo akiwa kijana mzuri kuliko wote ukumbini, na kikubwa cha mwisho wanachomkumbuka nacho ni adui vilevile. Uzuri wake uliwafanya wamtamani, haukuwafanya wamheshimu. Watu wengi bado wanachanganya vitu hivyo viwili.

Ila kuna kitu hawakuweza kukidhibiti. DeMille aliandaa umati mahakamani umrukie Tori, na watazamaji wakaelekezwa wa kumshangilia. Wengi wao walitoka nje wakilikumbuka jina la yule aliyepigwa. Na yule mume mwema, steringi, aliyekubali kifungo kwa ajili ya mkewe? Anaitwa Jack Dean, na alikuwa mume wa Fannie Ward kweli, hata nyumbani. Taja filamu yake nyingine moja tu bila kugoogle, sehemu ya maoni iko wazi.