Kutoka Ridhaa hadi Sahihi: Mwenzi wa Ndoa na Rehani ya Nyumba, Tanzania Bara na Kenya

Makala hii inafuatilia historia ya kinga ya mwenzi wa ndoa ambaye hakukopa, lakini nyumba anayoishi imewekwa rehani na sasa inasubiri mnada. Hoja yake ni kwamba kinga hiyo ilijengwa juu ya neno moja, ridhaa, na kwamba maana ya neno hilo imekuwa ikipungua kadiri sheria zilivyorekebishwa.

Rehani si ngeni katika eneo hili. Katika karne ya 19 wenye mashamba ya karafuu Unguja na Pemba walikopa kwa bei ya khiyari: shamba liliuzwa kwa sharti la kukombolewa, na mkopaji akabaki humo kama mpangaji. Kwa sheria ya Kiislamu mali ya mke ilikuwa yake, wala mume hakuwa na mamlaka ya kuiweka rehani. Lakini msumeno hukata mbele na nyuma. Mali ya mume nayo ilikuwa ya mume, na mke aliyeishi katika nyumba ya mumewe hakuwa na kauli mbele ya mdai.

Upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilivunja mantiki hiyo. Kifungu cha 59 kilimzuia mwanandoa kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya wanandoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati imeandikwa jina lake peke yake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilitambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Shauri lile lilihusu talaka, si deni. Hata hivyo liliipa ridhaa msingi wa haki badala ya hisani.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu cha 114, ilimtwisha mkopeshaji wajibu wa kuhakikisha kama mwombaji ana mke, wake au mume. Marekebisho ya mwaka 2008, yaliyokusudia kukuza mikopo ya nyumba, yalimtaka kwanza mkopaji mwenyewe atamke kama ana mwenzi. Mkopeshaji bado anapaswa kuthibitisha, lakini hati ya kiapo ya mkopaji inaweza kumtosha. Kiapo cha uongo ni kosa la jinai, ni kweli. Ila kumfunga mume hakumrudishii mke paa. Hatari ni kubwa zaidi kwa ndoa za kimila zisizo na cheti, ambazo mkopaji anaweza kuzikana kwa sentensi moja.

Kenya ilichukua njia iliyo karibu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka mwenzi anayeishi katika nyumba ya ndoa atie sahihi au aonekane ameridhia, na kifungu cha 96 kinamtaka mkopeshaji amtumie mwenzi aliyeridhia ilani ya siku 40 kabla ya kuuza. Asiyeulizwa kamwe hamo katika orodha hiyo. Pengine atajua siku dalali anapofika na wanunuzi, na kimbilio lake ni zuio la mahakama.

Hapa suala la lugha haliepukiki. Ridhaa ina mzizi mmoja na radhi, neno linalobeba kuona, kupima na moyo kukubali. Fomu za benki huhitaji wino tu, na mikataba mingi ya mikopo huandikwa kwa Kiingereza. Mke aliyeoneshwa mahali pa kusaini, asielezwe kwamba nyumba inaweza kuuzwa, ametoa sahihi. Baadaye sahihi hiyohiyo ndiyo inayomnyima utetezi ambao asiyesaini angekuwa nao. Mwaka 2021 Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mageuzi hayo hayakulenga mkataba wa benki na mteja wake. Kwa mtunga sera, marekebisho yanayofuata ni madogo na yanawezekana: tamko la ridhaa liandikwe kwa Kiswahili, na mwenzi asomewe akiwa peke yake, kabla ya fedha kutolewa.