Nani Mtunzi wa Shajara ya Mafia?

Mwaka 1965 Pat Caplan, mtafiti Mwingereza wa anthropolojia, alifika kijiji kimoja cha kaskazini mwa Mafia. Kitabu chake cha 1975 kilionyesha kuwa huko mtu hana ukoo mmoja tu. Hupata haki ya ardhi kwa baba na kwa mama, akachagua pa kulima. Hayo yanajulikana.

Mimi kinachonikera ni kitabu cha 1997, *African Voices, African Lives*. Mhusika wake mkuu ni mwanakijiji aliyepewa jina la Mohammed, si jina lake halisi. Caplan alimwomba aandike shajara, naye akaandika kwa Kiswahili mambo ya kijiji, yakiwemo maradhi na mashetani.

Basi, nani mtunzi? Wengi watasema ni yule wa jaladani. Ni kweli Caplan alitafsiri, akapanga, akafafanua; wala hakuficha mchango wa mwenzake. Lakini aliyeamua jioni ile kwamba tukio hili liandikwe na lile liachwe ni Mohammed. Uteuzi huo ndio utunzi wenyewe! Jina la bandia lilimkinga na majirani, kumbe pia lilimnyima heshima ya mwandishi.

Sisi wanafunzi wa fasihi tunasoma *Maisha Yangu* ya Shaaban Robert kama sanaa. Shajara ya mkulima wa Mafia je? Tukiiachia anthropolojia peke yake, tutakuwa tumekubali kwamba mwanakijiji hutoa habari tu, fasihi hutungwa na wengine. Mimi sikubali.