Taji Kabla ya Hesabu

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii aghalabu humwangukia mgema peke yake: kwamba ana kiburi, kwamba hajui kupokea wema. Walakini ndani ya methali wamo watu wawili, mgema na yule aliyemsifu. Wahenga hawakumkataza mtu kusifu. Walituonya tu juu ya msifu aliyekwisha kutoa sifa zake zote, kisha akaacha kuonja.

Onyo hilo linafaa kukumbukwa kila itajwapo desturi moja ya mabunge ya dunia, nayo ni ile ya kusimama ukumbini na kumshukuru hadharani mtu aliyeitumikia nchi yake au mtaa wake kwa uaminifu: mwalimu anayestaafu, muuguzi, mzimamoto, mzee aliyesimamia kisima cha kijiji. Desturi hii ipo Washington, ambako maneno ya namna hiyo hupigwa chapa katika kumbukumbu rasmi za Kongresi. Ipo London. Ipo pia Dodoma na Zanzibar, ambako ni nadra hotuba ya mjumbe kuanza bila ya shukrani na pongezi. Wako wanaoiona kuwa ni kupoteza wakati. Mimi naona ni jambo zito, kwani jamii isiyomtaja mtumishi wake mwema huwafundisha vijana wake kwamba wema na uzembe vina malipo mamoja. Swali ni jingine: sifa ya baraza hupata wapi uzito wake, nayo huupoteza vipi?

Mji uliolifikiri swali hilo kwa makini kuliko miji mingi, ukalitungia sheria, kisha ukashindwa kuifuata sheria yake wenyewe, ni Athens ya Ugiriki ya kale.

Tukumbuke kwanza kwamba Athens haikuwa na wabunge wa kuchaguliwa kama wetu. Waliokuwa wakipitisha maamuzi ni raia wenyewe waliokusanyika mkutanoni, na shughuli zao zikitayarishwa na Baraza la watu 500 waliopatikana kwa kura ya bahati kila mwaka. Wanawake, watumwa na wageni hawakuwa na sauti humo. Miongoni mwa kazi za mkutano huo ilikuwa ni kusifu. Sifa ilipigiwa kura kama inavyopigiwa kura vita au kodi. Azimio lilisema kwamba Baraza na Umma wameona vyema kumsifu fulani bin fulani kwa kuwa amekuwa mwema kwa watu wa Athens. Mara nyingi liliongeza taji, la matawi ya zeituni au la dhahabu. Kisha, kwa walioheshimiwa zaidi, maneno yote yalichongwa juu ya bamba la jiwe lililosimamishwa mahali pa wazi, na azimio lenyewe likitaja fedha za kumlipa mchongaji, drakma 20 au 30. Katika mengi ya mawe hayo imo sababu iliyorudiwa kwa karne nyingi: ili na wengine waone kwamba Umma huu unajua kurudisha fadhila.

Lugha yetu inatusaidia hapa kuliko lugha nyingi. Neno letu "sifa" lina maana mbili. Ni maneno ya kumtukuza mtu, na pia ni ile hali iliyomo ndani ya mtu inayomstahikisha, kama tusemapo kwamba fulani ana sifa za kuwa kadhi. Kwa Mswahili, basi, sifa ya kwanza huegemea sifa ya pili. Historia ya Athens ni historia ya mji uliojitahidi kuziweka sifa hizo mbili pamoja.

Tuanze na mwaka 403 kabla ya Kristo. Mwaka mmoja kabla, baada ya kushindwa vitani na Sparta, Athens ilitiwa chini ya utawala wa watu thelathini, waliowaua raia wapatao 1,500 na kuwanyang'anya wengi mali zao. Kundi dogo la watu waliokimbilia uhamishoni, likiongozwa na Thrasybulus, liliiteka ngome ya Phyle milimani, likazingirwa na kushambuliwa humo, na hatimaye likateremka hadi bandari ya Piraeus na kuirejesha serikali ya umma. Hakuna deni la shukrani lililokuwa kubwa kuliko hilo. Umma uliwapa nini watu hao? Aeschines, msemaji wa karne iliyofuata, alieleza kwamba waliokuwamo Phyle walipewa taji la zeituni na drakma 1,000 kwa ajili ya sadaka na nadhiri, fedha ambazo zikigawanywa hazikumfikia kila mmoja drakma kumi. Katika miaka hiyo hiyo fundi aliyejenga hekalu la Erechtheion alilipwa drakma moja kwa siku. Malipo ya kuukomboa mji, kwa hiyo, hayakufika ujira wa siku kumi za fundi. Hata hivyo, kabla ya kutoa kidogo hicho, Baraza liliamriwa lichunguze kwa makini nani hasa alikuwamo Phyle wakati ilipozingirwa, ili asipenyeze jina lake mtu aliyefika baada ya hatari kwisha.

Zawadi ilikuwa ndogo na uchunguzi ulikuwa mkali, na kwa sababu hiyo lile tawi la zeituni lilikuwa na thamani. Aliyelivaa alijulikana kwamba hakulipata kwa urafiki.

Lakini walioteremka na Thrasybulus hawakuwa raia watupu. Wageni wakaazi walipigana pamoja nao, na watumwa pia. Thrasybulus alitaka wote waliorudi kutoka Piraeus wapewe uraia. Azimio hilo lilishtakiwa mahakamani na Archinus, aliyekuwa mwenzake katika ukombozi, likafutwa. Ilipita miaka michache, na mnamo 401 au 400 kabla ya Kristo, likapita azimio jingine la kuwalipa wageni hao kwa haki ambazo wageni wengine hawakuwa nazo. Vipande vya jiwe la azimio hilo vimehifadhika hata leo. Majina yamepangwa juu yake, na kando ya jina imo kazi ya mtu: Chairedemos, mkulima, Leptines, mpishi, Hegesias, mtunza bustani. Wamo pia seremala, mwashi, mwendesha punda, muuza zeituni, muuza njugu, na dobi.

Nawaomba wasomaji watue hapa kidogo. Katika maandishi ya dunia ya kale tumezoea wafalme, majemadari na makuhani. Dobi na muuza njugu, tukiwakuta, huwa wamo katika mchezo wa kuchekesha. Hapa wamo katika azimio la wenye nchi, kila mtu kwa jina lake, na kazi yake haikufichwa ili aonekane bora kuliko alivyo. Kama ipo hoja ya kuitetea desturi ya mabaraza kuwashukuru watu wa kawaida, jiwe hili ndilo hoja yenyewe.

Hata hivyo, waliopigana wakiwa bila madaraka ni rahisi kuwasifu. Ugumu unaanza kwa mtumishi mwenye ufunguo wa hazina. Kila mwenye wadhifa katika Athens, muda wake ulipokwisha, alilazimika kutoa hesabu mbele ya wakaguzi. Kabla ya kumaliza hesabu hiyo hakuruhusiwa kusafiri nje ya nchi wala kuitoa mali yake wakfu. Na sheria iliongeza katazo moja: asivikwe taji mtu ambaye bado anadaiwa hesabu.

Aeschines ameeleza asili ya katazo hilo, na maelezo yake yanatugusa hata sisi. Walikuwako wenye madaraka waliokula fedha za umma, ambao waliwaona mapema wasemaji wa mkutanoni ili wawapendekezee sifa na mataji kabla ya siku ya hesabu. Siku hiyo ilipofika, waamuzi walitahayari. Wangemhukumuje kuwa mwizi mtu ambaye juzi tu Umma ulimtangaza kuwa mwema? Taji lilikuwa limegeuka ngao. Kwa hiyo sheria ikaweka utaratibu: hesabu kwanza, taji baadaye.

Baraza lenyewe la watu 500 halikusalimika. Ilikuwa desturi kwa Umma kulivika taji Baraza lililomaliza mwaka wake vyema, lakini sheria ilikataza Baraza kuomba zawadi hiyo kama halikusimamia ujenzi wa merikebu za vita za mwaka ule. Kiasi cha mwaka 355 kabla ya Kristo Baraza moja lilimaliza muda wake bila ya merikebu, kwa kuwa mtunza fedha za ujenzi alitoroka nazo. Mtu mmoja, Androtion, alipendekeza livikwe taji vivyo hivyo. Akashtakiwa, na hotuba iliyoandikwa na Demosthenes kwa ajili ya kesi hiyo tunayo. Katika hotuba hiyo wajumbe wanaambiwa kwamba kisingizio chao hakifai: mwenye kuahidi merikebu huulizwa ziko wapi merikebu.

Demosthenes huyo huyo ndiye aliyekuja kuwa mtihani mkubwa wa sheria ya hesabu. Mwaka 336 kabla ya Kristo, miaka miwili baada ya Athens kushindwa na Philip wa Makedonia kwenye vita vya Chaeronea, Ctesiphon alipendekeza Demosthenes avikwe taji la dhahabu, na litangazwe katika ukumbi wa maigizo wa Dionysus mbele ya wenyeji na wageni. Wakati ule Demosthenes alikuwa msimamizi wa ukarabati wa kuta za mji, tena akiongeza fedha kutoka mfukoni mwake, na hesabu yake ilikuwa haijatolewa. Aeschines, hasimu wake wa miaka mingi, akamshtaki Ctesiphon kwa kuvunja sheria. Kesi ikasikilizwa mwaka 330. Aeschines alishika maandishi ya sheria. Demosthenes alijibu kwamba aliyetoa chake hadaiwi hesabu ya alichokitoa, kisha akayasimulia maisha yake yote ya utumishi kwa ufasaha unaosomwa hadi leo. Aeschines hakupata hata moja kwa tano ya kura. Akatozwa faini ya drakma 1,000, akauhama mji.

Siwalaumu waamuzi wale. Mbele yao alisimama mtu aliyewapigania, na mshitaki wake alisukumwa na chuki ya siku nyingi. Lakini tuone yaliyofuata. Mwaka 323 Demosthenes alitiwa hatiani kwa kupokea talanta 20 katika fedha zilizoletwa Athens na Harpalus, mtunza hazina wa Alexander aliyetoroka. Alitozwa talanta 50, akafungwa, akakimbia. Kisha mwaka 280, miaka zaidi ya arobaini baada ya kufa kwake, Umma ulimsimamishia sanamu ya shaba. Kama alikuwa na hatia au hakuwa nayo, wanahistoria wangali wanashindana. Lililo wazi ni kwamba taji la 330 halikuweza kuwa ushahidi kwa upande wo wote. Lilikwisha kuwa alama ya mapenzi, na mapenzi hayathibitishi hesabu.

Baada ya hapo thamani ya sifa iliporomoka. Kuanzia mwaka 317 Athens ilitawaliwa na Demetrius wa Phalerum, mwanafalsafa aliyewekwa na Makedonia. Imesimuliwa kwamba alisimamishiwa sanamu 360, nazo zikakamilika katika muda usiotimia siku 300. Mwaka 307 aliondolewa, na sanamu hizo zikavunjwa. Baadhi yake, husimulia wazee wa kale, ziliyeyushwa zikafanywa vyombo vya haja vya usiku. Mataji na sanamu zikahamia kwa aliyemng'oa, Demetrius mwingine, mwana wa Antigonus. Yeye na baba yake walisimamishiwa sanamu za dhahabu na kuitwa Miungu Waokozi, na baadaye Demetrius akapewa nyumba ya nyuma ya hekalu la Parthenon kuwa makazi yake. Yote hayo yalipita kwa kura, katika mkutano ule ule uliopima kila drakma ya watu wa Phyle.

Historia hii haitufundishi kubana midomo. Inatufundisha utaratibu. Sisi nasi tuna Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na ripoti yake hufikishwa barazani kila mwaka. Pongezi na ripoti hupita katika ukumbi mmoja, lakini mara nyingi hazijuani: pongezi hutangulia, ripoti hufuata, na anayeisoma ripoti hujikuta akimhoji mtu aliyekwisha kupigiwa makofi. Tena pongezi zetu hupenda kupanda. Hupanda kwa waziri, hupanda kwa mkuu wa idara, na hupanda zaidi ya hapo. Ni chache zinazoteremka kwa mkunga, kwa mvuvi aliyeokoa abiria wa chombo kilichozama, au kwa karani aliyekataa bahasha. Hao hawana wa kuwapendekeza, na wema wao hauhitaji ukaguzi mrefu, kwa kuwa majirani walikwisha kuukagua.

Sanamu 360 zimekwenda, isipokuwa moja iliyosemekana kubaki kwenye ngome ya mji, nayo pia haipo. Jiwe la Leptines mpishi lipo, limevunjika vipande, na majina yake bado yanasomeka.